Nahodha Aliyepotea Melini

Mbuchi nzima ilijua kwamba Seleman alikwenda Dar es Salaam kumtembelea mwanawe kwenye meli kubwa ya watalii, akapotea humo humo ndani ya meli, akarudi na njaa yake bila ya kumwona mtoto. Ilijua kwa sababu Seleman mwenyewe ndiye aliyesema. Na watu wa kwetu ukishawapa mwanzo wa jambo, hawakusumbui tena. Katikati na mwisho wanajimalizia wenyewe.

Kilichowachekesha ni kwamba Seleman ni nahodha. Anaendesha boti ya abiria kati ya Nyamisati na Mbuchi, na kule mto Rufiji unapokaribia bahari hugawanyika mikono mikono, kila mkono na mikoko yake pande zote mbili, na mikoko yote sura moja. Mgeni akiachwa humo peke yake atazunguka mpaka petroli imwishie. Seleman hapotei. Maji yajae, maji yatoke, ukungu utande, yeye hupita kama mtu anayetoka chumbani kwenda uani. Sasa mtu wa namna hiyo apotee kwenye meli iliyofungwa kamba gatini, yenye taa na vibao kila kona? Watani wake wangekuwa wajinga kuliacha jambo hilo lipite.

Mtu mmoja tu hakucheka. Abdulaziz, mtoto wake wa kwanza, ndiye aliyekuwa akifanya kazi kwenye meli ile, na yeye alijua kwamba baba yake hakupotea.

Huyu Abdulaziz si mtu mbaya. Nasema mapema, maana tukifika mbele utataka kumtemea mate. Alizaliwa hapo hapo Mbuchi, akasoma Kurani chuoni kwa maalimu, akajua kutega kaa kabla hajajua kuandika jina lake. Sekondari alisomea Kibiti, akikaa kwa shangazi yake karibu na stendi, na jioni akiosha vyombo kwenye nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara ya Lindi. Vyombo vikampeleka jikoni, jikoni kukampeleka mezani, na meza zikampeleka kwenye hoteli moja ya Dar es Salaam, ambako wakala alimwona akamtafutia kazi melini. Alikuwa mwepesi wa kujifunza, msafi, mwenye sauti ya upole. Baada ya muda wakamtoa kwenye kubeba sahani, wakamsimamisha mlangoni pa ukumbi mkubwa wa chakula.

Kusimama mlangoni usikuone kudogo. Ukumbi ule ulikuwa na sheria zake za mavazi, na kulikuwa na jioni ambazo sheria hizo zilikazwa kuliko siku nyingine, jioni walizoziita rasmi. Mwanamume awe na shati la kola, suruali ndefu, viatu vya kufunika vidole, na koti la suti juu yake. Mwanamke awe na gauni la kueleweka. Kaptula hapana, ndala hapana, fulana hapana. Kofia nayo hapana. Ile ambayo kwetu mwanamume huivaa ili aonekane ana adabu, kule huivua kwa sababu hiyo hiyo. Na watu wenyewe wanaoambiwa hivyo ni matajiri, wameshinda mchana kutwa kando ya bwawa la kuogelea wamevaa vitambaa ambavyo kwetu hata mtoto hatumwi navyo dukani.

Kazi ya Abdulaziz ilikuwa kuwapokea kwa tabasamu, kuwapitisha macho toka kola mpaka kiatu, na aliyepungukiwa kumwambia kwa lugha tamu kwamba juu kuna ukumbi mwingine ambako mtu hula alivyo. Aliyekosa koti tu hakurudishwa. Nyuma ya mlango kulikuwa na kabati la makoti ya kuazima, meusi na ya bluu ya giza, na Abdulaziz humtolea mgeni koti, akamshikia aingize mikono, akamnyoosha kola. Aliipenda kazi hiyo. Mtoto wa Mbuchi kumgeuza tajiri njiani kwa sababu ya ndala, na tajiri akaomba radhi, ni jambo linaloweza kumlewesha mtu, na yeye lilimlewesha kidogo.

Kwenye meli koti lile hakuna aliyeliita koti. Liliitwa jaketi, na Abdulaziz naye akazoea. Mtu akikaa sana ugenini haoni ni neno gani limemtoka na ni lipi limemwingia.

Basi ikatangazwa kwamba meli itatia nanga Dar es Salaam, na kwamba wafanyakazi wa Tanzania wameruhusiwa kila mmoja amlete mzazi mmoja, azungushwe, kisha ale chakula cha jioni ukumbini pamoja na wageni. Abdulaziz akapiga simu nyumbani kifua kimejaa.

"Shikamoo baba. Meli yetu inakuja Dar. Nataka uje ule na sisi."

"Marahaba. Na mama yako?"

"Wameruhusu mmoja tu, baba."

Habiba, mke wa Seleman, alikuwa karibu na simu, akasema nenda weye, mimi hata boti yako hunitapisha. Seleman akacheka. Akauliza avae nini, maana alijua mwanawe yuko mahali pa watu wanaotazama mavazi.

"Suruali nzuri na shati, baba. Viatu vya kufunika. Na jaketi. Ukumbi ule bila jaketi huingii."

"Jaketi? Hata kwenye kula?"

"Hasa kwenye kula. Ndiyo sheria yenyewe, na miye ndiye ninayesimama mlangoni."

"Haya. Sheria ya chombo ni sheria," Seleman akasema, na hapo jambo likaharibika, wala hakuna aliyejua.

Kwa Seleman koti ni koti. Koti analo, jeusi, analivaa juu ya kanzu siku za Idi na siku za harusi, na Abdulaziz aliposema jaketi alikuwa akiliona koti hilo hilo machoni mwake. Lakini kule delta jaketi ni moja tu, lile la rangi ya chungwa la kuelea, ambalo maofisa wa vyombo vya majini huja Nyamisati kulihubiri: nahodha, abiria wako wana majaketi? Bila jaketi boti haiondoki. Seleman alikuwa ameshagombana nao mara nyingi juu ya hilo, na sasa akasikia kwamba hata kwenye meli kubwa ya Wazungu, yenye vyuma juu ya vyuma, watu hawaruhusiwi kula bila jaketi. Alimwambia mkewe kwamba kumbe wale maofisa walikuwa na haki yao.

Haya ya safari Abdulaziz alisimuliwa na mama yake baadaye, na kila neno lilimchoma. Seleman alichagua jaketi jipya kuliko yote ya botini, akalifua kwa sabuni ya unga, akalianika kivulini lisipauke. Kibiti alilala kwa dada yake, yule shangazi wa stendi. Shangazi akamuuliza hilo jaketi la nini, naye akajibu kwamba mtoto ndiye aliyeagiza. Kwenye basi alilipakata mpaka Dar. Bandarini hakuna aliyemshangaa, kwa kuwa bandarini kila mtu ana kitu cha rangi kali kifuani. Kwenye ngazi ya meli akalivaa.

Wazazi wengine walikuwa bado wanazungushwa kuonyeshwa meli. Seleman, mtu wa kuwahi, alimuuliza Zuhra, msichana wa Tanga anayesafisha vyumba, ukumbi wa chakula uko upande gani. Zuhra akamwelekeza huku akikimbilia kazi yake. Akaenda moja kwa moja, hakukosea hata kona moja.

Ilikuwa jioni rasmi. Wageni walikuwa wamejipanga mlangoni, wanaume na makoti meusi, wanawake na magauni yanayoburura. Abdulaziz akainua macho, akamwona baba yake anakuja kwenye zulia jekundu. Suruali ya kijivu imepigwa pasi ikasimama. Shati jeupe lina vifungo mpaka shingoni. Kofia ya viua kichwani. Na juu ya hayo yote jaketi la kuelea, mikanda yote imefungwa barabara kama anavyowafundisha abiria wake, na filimbi inaning'inia kifuani. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa amefika kwa mwanawe, na alikuwa amevaa alivyoambiwa.

Mama mmoja kwenye foleni akauliza kwa sauti kama meli inazama. Foleni ikacheka. Mwingine akatoa simu apige picha. Msimamizi wa ukumbi, bwana mmoja mrefu asiyependa kelele, akasogea mpaka begani kwa Abdulaziz.

"Unamfahamu huyu?" akamuuliza kwa Kiingereza.

Aibu ilimpanda Abdulaziz toka miguuni mpaka masikioni. Alimwonea aibu baba yake, tusifichane. Alilionea aibu jaketi, akaionea aibu kofia, akauonea aibu hata ule utii wa kufunga kila mkanda. Wakati ule hakukumbuka kwamba neno lilitoka kinywani mwake. Aliona tu macho ya watu wale, watu ambao kila jioni alikuwa akiwapima yeye, na sasa wao wanampima.

"Hapana," akasema. "Nadhani ni mtu wa bandarini. Amepotea."

"Mwondoe basi."

Abdulaziz akamgeukia baba yake, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile ya upole ya kazini: "Mzee, umepotea. Huku ni kwa wageni. Teremka kwa ngazi ile."

Wako vijana wa mjini wanaowaita baba zao mzee, nao baba zao hawaoni vibaya. Abdulaziz hakuwahi. Toka aanze kusema, mtu yule alikuwa baba. Tabasamu la Seleman likaondoka taratibu. Akamtazama mwanawe, akaitazama foleni, akamtazama yule bwana mrefu. Hakuhitaji kufasiriwa.

"Ahsante, kijana," akasema. "Nimepotea kweli."

Akageuka, akaenda zake bila ya haraka, filimbi ikimgonga kifuani. Mgeni aliyefuata kwenye foleni alikuwa na shati tu. Abdulaziz akafungua kabati, akatoa koti la kuazima, akamshikia aingize mikono, akamnyoosha kola, akamtakia mlo mwema.

Zamu ilipokwisha alimtafuta kila mahali pa kutafuta, na walinzi wa ngazi wakamwambia yule mzee wa jaketi ameshashuka. Simu haikupatikana. Meli ikaondoka na Abdulaziz ndani yake. Alipompata mama yake kwenye simu, Habiba alikuwa anacheka na kusikitika kwa pamoja.

"Baba yako kasema kapotea humo ndani. Ati milango mingi. Hata hukumtafuta, mwanangu?"

"Nilikuwa kazini, mama."

"Haya. Kazi ni kazi."

Angeweza kusema pale pale. Hakusema. Alijiambia atamwambia baba yake kwanza, na kila alipompigia akaanza na "Baba, siku ile," Seleman alimkata kwa kumwambia kwamba maji yanatoka na boti itakaa juu ya mchanga, au kwamba mtandao ni mbovu. Aliuliza habari za kazi, akamwombea dua, akakata. Mlango wa ukumbi ukamchukiza Abdulaziz. Kila mgeni aliyemrudisha aliona mgongo wa rangi ya chungwa ukienda. Mkataba ulipokwisha hakutia saini mwingine. Shamsia, dada yake, alikuwa anaolewa na kijana wa Kibiti, basi ikawa sababu nzuri ya kurudi nyumbani.

Toka Nyamisati alipanda boti ya Khamisi, nahodha mwenzake baba yake na mtani wake wa miaka. Huyu Khamisi ana mdomo usiojua kupumzika, lakini siku ile aliposhika usukani alikuwa na neno lililomkera.

"Utani niliuanza miye, sikatai," akamwambia Abdulaziz. "Twende na Khamisi jamani, Seleman atatupoteza. Tukicheka, naye anacheka. Lakini sasa wageni wameuamini. Walimu wapya, wauguzi, wafanyabiashara wa Kibiti, wote wanauliza hii boti ya nani. Mmoja kaikataa boti ya baba yako mbele yangu. Nilimwambia baba yako tuuache utani huu, kasema waache wacheke."

Abdulaziz alitazama mikoko inavyopita, akaona aibu yake sasa ina mguu wa pili. Alimkana baba yake, na juu ya hapo amemwachia avae ujinga asiokuwa nao, mpaka jina lake la unahodha linachakaa. Aliapa moyoni kwamba hatoondoka Mbuchi kabla hajalisafisha.

Jioni ile alimfuata baba yake penye boti, akamwamkia, akaanza. Seleman akaitikia marahaba, akamtazama kwa mapenzi yasiyo na doa, akasema: "Hayo yamepita, Abdulaziz. Nenda kamsaidie mama yako kuazima majamvi." Abdulaziz akadhani baba yake anaogopa kuyagusa. Akaona basi yeye mwenyewe atakuwa na ujasiri kwa niaba ya wote wawili. Hapo ndipo kijana alipokosea tena, na safari hii kwa nia njema kabisa.

Siku ya harusi wanaume waliketi kwenye majamvi mbele ya nyumba, kanzu nyeupe kwa kanzu nyeupe, kofia kichwani, vikundi vikundi kuzunguka masinia ya pilau. Asiye na kanzu aliazimwa na jirani kabla hata hajasema kwamba hana. Seleman alivaa kanzu na koti lake jeusi juu, kapendeza. Mbele yake, sinia moja naye, aliketi Husseini, mjomba wa bwana harusi, mfanyabiashara wa Kibiti mwenye ndevu nyeupe na heshima zake. Khamisi alikuwepo, na Abdulaziz akapewa nafasi karibu nao.

"Bwana Seleman," Husseini akasema akitabasamu, "nasikia wewe ulipanda meli ya Wazungu."

"Kupanda kapanda, mzee wangu," Khamisi akadakia. Mazoea yana taabu. "Alichokikosa ni pa kwenda."

Watu wakacheka. Seleman akanawa vidole, akaisimulia safari yake. Akasema milango ilikuwa mingi na yote sura moja. Akasema alifungua mmoja akakuta mafagio, akayatolea salamu kwa heshima. Akafungua mwingine akamkuta Mzungu yumo bafuni, wakaombana radhi kila mtu kwa lugha yake. Alisimulia vizuri, kwa mikono na kwa macho, na ilikuwa dhahiri kwamba ameisimulia mara nyingi akiipunguza hapa na kuiongeza pale. Husseini alicheka mpaka akajipangusa machozi kwa ncha ya kanzu. Upande wa wanawake, nyuma ya ua wa makuti, nako kulikuwa kunachekwa, na sauti ya Habiba ilikuwa juu ya zote.

Abdulaziz hakusikia uhodari wa msimulizi. Alisikia baba yake anajitukana mbele ya wakwe.

"Hakupotea," akasema.

Wachache wakageuka. Akapandisha sauti.

"Baba yangu hakupotea. Alifika mpaka mlangoni pa ukumbi, na aliyesimama mlangoni ni mimi. Nilimwambia avae jaketi, nikimaanisha koti. Akaja na jaketi la botini. Watu wakamcheka. Nikaulizwa kama namfahamu, nikasema simfahamu. Nikamwita mzee, nikamwambia amepotea, ateremke. Mkosaji ni mimi. Msimcheke tena."

Alipomaliza alijisikia mwepesi, kwa muda wa mtu kuvuta pumzi moja. Kisha akaona mikono yote imesimama juu ya masinia. Mtu fulani nyuma akanong'ona, "Mkataa kwao mtumwa," na hakuna aliyemnyamazisha. Khamisi aliinamisha uso kama aliyepigwa. Nyuma ya ua kicheko kilikatika, ikasikika sauti ya Habiba ikiuliza, "Kasema nini? Kasema nini huyu?" na hakuna mwanamke aliyetaka kumrudilia maneno yale.

Abdulaziz alitegemea hasira, na hasira zikaja. Macho yalimkata kila upande, naye akayapokea. Lakini hakutegemea vile watu walivyomtazama baba yake. Hakuna aliyemcheka tena. Walimtazama kwa kuiba, wakaangalia chini upesi, kama mtu atazamavyo kidonda cha mwenzake. Husseini aliliacha tonge lake, akanyoosha mkono juu ya sinia, akamshika Seleman bega.

"Pole, bwana Seleman," akasema, kwa sauti ya msibani. "Pole sana. Mtihani wa Mungu."

"Ahsante," Seleman akasema. Uso wake ulikuwa umezeeka pale pale alipoketi. "Kuleni jamani, pilau inapoa."

Watu wakala, kwa adabu. Hata ngoma ya akina mama baadaye ilipigwa kwa kujilazimisha. Habiba alipotoka uani alipita mbele ya mwanawe bila ya kumtazama, akaenda kusimama karibu na mumewe. Alimrekebishia tu koti begani, ingawa lilikuwa limekaa sawa, akarudi kwa wageni wake.

Wageni walipokwisha kuvushwa, Abdulaziz alimkuta baba yake anakunja majamvi peke yake. Akashika ncha ya pili. Walikunja moja, wakakunja la pili.

"Baba, nisamehe."

"La mlangoni nilikusamehe nikiwa bado kwenye zile ngazi. Nilikuona midomo inavyokutetemeka. Nikasema huyu mtoto kabanwa."

"Na la leo? Leo nimesema kweli, baba. Nilitaka jina lako lirudi. Walikuwa wanakucheka."

Seleman aliliweka jamvi chini.

"Walikuwa wananicheka, na miye nacheka nao. Aliyepotea huchekwa, mwanangu, kisha hukaribishwa chai. Uliniambia nimepotea, nikalichukua neno lako nikalivaa, likanikaa. Nimekwenda nalo mwaka mzima, kwa mama yako, kwa dada yako, gatini, msikitini. Hakuna aliyejua nina nini chini yake. Leo kila nitakapopita, watu watasema yule ndiye aliyekanwa na mtoto wake. Hawatanicheka. Watanipa pole."

Aibu aliyokuwa akiijua Abdulaziz mpaka siku ile ilikuwa ya macho ya watu. Hii haikuhitaji mtu wa kutazama.

"Unajua wanavyosema," Seleman akaendelea, wala hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Miye nilishachutama, Abdulaziz. Nilishachutama nikatulia. Weye leo umekuja ukanishika mkono, ukanisimamisha mbele za watu."